Sanaa Mlimani, au ualimu anaoutaka mzee?

Mdogo wangu, umeuliza kama usome sanaa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), wakati mzee anataka ualimu. Omba, ila ujue unachokiendea. Idara ya Sanaa Bunifu pale UDSM ina muziki, uchoraji na sanaa za maonyesho, lakini shahada ya miaka 3 ina insha na nadharia nyingi, watu hawaamini mpaka wafike. Ukitaka mazoezi ya jukwaani zaidi, tazama stashahada ya TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni iliyoko Bagamoyo. Ukichagua uchoraji, tenga hela ya rangi mapema, bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, halikai mfukoni. Mzee mwambie Necta, baraza la mitihani, hutahini muziki na sanaa kidato cha nne. Ukiongeza stashahada ya uzamili ya elimu baada ya shahada, utaweza kuyafundisha masomo hayo.