Intaneti ya Nyumbani Arusha na Moshi: Anza kwa Kuuliza Waya ni wa Nani

Wakala wa intaneti akigonga geti lako Njiro, Moshono au Shanty Town ya Moshi, usianze na bei. Muulize waya utakaoingia ndani ni wa nani. Kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kupitia faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga, ya mwenyewe mmoja: moja inamiliki waya, nyingine inanunua kwa jumla na kuuza rejareja. Waya ukikatwa na katapila barabarani, zote mbili zinazima. Na mwenye waya ndiye anayepanga bei ya jumla, kwa hiyo muuzaji wa pili hana nafasi kubwa ya kukupunguzia.

Namna ya kujua ni rahisi. Tafuta majirani wawili wenye kampuni tofauti, fuata nyaya zao hadi nguzoni, uone kama zinatoka kwenye kiboksi kimoja. Kisha waulize kama huwa wanakatikiwa saa ileile. Wakisema ndiyo, usilipie faiba ya pili kama akiba. Akiba yako iwe laini ya simu.

Kabla ya kusaini, pima kasi ya intaneti kwa jirani mwenye kifurushi unachokitaka, kati ya saa 2 na saa 4 usiku, kompyuta ikiwa imechomekwa kwa kebo na si waifai. Pima mara tatu. Hapa watu wengi hudanganyika: programu ya kupima huchagua yenyewe seva (kompyuta ya kupimia) iliyo karibu, mara nyingi ndani ya mtandao wa kampuni hiyohiyo, na namba zinapendeza. Badilisha, chagua seva ya kampuni nyingine, halafu ya Nairobi, halafu ya Ulaya. Pengo likiwa kubwa, huenda msongamano uko kwenye njia ya kampuni kutokea nje, na kununua kifurushi kikubwa zaidi hakutakusaidia.

Faiba nyingi za majumbani hutumia mfumo wa GPON, ambao hugawa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kwa nyumba zote za tawi moja. Zikiwa 32 zikivuta kwa pamoja, kila moja inabaki na kama Mbps (megabiti kwa sekunde) 78. Zikiwa 64, kama 39. Neno “hadi” kwenye bango linatoka hapo. Kumbuka pia kwamba Mbps 20 ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde: faili la GB 1 litachukua karibu dakika 7.

Siku ya kufunga, mwombe fundi akuonyeshe kipimo cha nguvu ya mwanga unaofika kwako, kinachosomwa kwa dBm. Kati ya −15 na −25 dBm ni kizuri. Kikifika −27, waya umekunjwa sana au kiungo kichafu, na utakatikiwa hovyo. Akirekebishe kabla hajaondoka.

Wa Kibosho, Uru na Ngaramtoni wanaofungiwa antena ya paa, tatizo ni miti na migomba. Majani mabichi yaliyolowa humeza mawimbi ya redio ya GHz 5, ambayo antena nyingi za namna hiyo hutumia. Antena iliyofungwa Januari ikifanya kazi vizuri huweza kukwama masika. Iinueni ivuke majani tangu mwanzo.

“Kufungiwa bure” hurudishwa ndani ya mkataba. Dai majibu ya maandishi: ukiondoka mapema unalipa kiasi gani, kasi inashushwa baada ya GB ngapi na hadi ngapi, na kifaa ni cha nani.

Linalotuuma zaidi ni nyumba za kupanga ambazo mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu. Mpangaji anabanwa na makubaliano asiyoyasaini. Uliza kabla hujalipa kodi ya miezi sita. Anayejenga atege mabomba mawili ya kupitishia waya, ya mm 25, kutoka ukutani hadi sebuleni, ili kampuni ya pili iingie bila kubomoa.

Huduma ikiwa mbovu, lalamika kwanza kwa kampuni na utunze namba ya lalamiko. Wasipokusikiliza, nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi ya kanda Arusha. Kubanwa kwenye kampuni moja ni suala la kupeleka Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Wakati huohuo, majirani kumi wa mtaa mmoja waandike barua moja kwa kampuni shindani, yenye majina, namba za nyumba na kifurushi ambacho kila mmoja yuko tayari kulipia. Kampuni huhesabu wateja kabla ya kuvuta waya.