Pima vibakuli vyako kabla ya kuwasha oveni

Vile vibakuli vya kauri vya kuokea ambavyo Wafaransa huviita ramequin, nilivipata sita kwa mpigo kwenye soko la mitumba hapa Lyon. Jioni hiyohiyo nikawapikia wageni watano sufle ya jibini, kile chakula chepesi cha mayai kinachofura ndani ya oveni. Viwili viliungua juu, vitatu vikatoka vizuri, kimoja kikabaki uji katikati. Hicho nilikila mimi, nikiilaumu oveni. Kesho yake nikavijaza maji kwa kikombe cha kupimia: viwili vilichukua mililita 120, vitatu 150, na kimoja 220! Kwa macho vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Basi pima kwanza. Kwa sufle napenda vya mililita 150 hadi 200, vyenye kuta zilizosimama wima. Paka siagi laini kwa brashi, ukivuta kutoka chini kwenda juu, kisha nyunyiza chenga za mkate mkavu. Ukiruka mahali, sufle itanata hapo na kupanda kombo.

Vibakuli vinne hutosha kwa gramu 30 za siagi, gramu 30 za unga na mililita 200 za maziwa. Pika sosi nzito, epua, tia viini vitatu, gramu 80 za jibini iliyokwaruzwa na kungumanga kidogo. Ute wa mayai upige hadi usimame, uuchanganye taratibu kwa mwiko. Jibini iwe kavu na yenye ladha kali, kama Gruyère au Comté. Mozzarella iache kwenye piza, ina maji mengi. Jaza hadi ukingoni, pitisha kidole gumba kuzunguka mdomo wa bakuli, halafu panga juu ya trei ambayo tayari ni ya moto. Nyuzi 190, dakika kama 14, na mlango usiguswe. Wageni wawe wameshakaa mezani, maana sufle haimsubiri mtu.

Ukiona hayo ni makubwa, anza na yai. Kijiko cha krimu, jibini kidogo, yai moja juu yake, bakuli ndani ya trei ya maji moto, nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Litoe ute ukiwa bado unatikisika kidogo, kwa sababu kauri huendelea kulipika hata likiwa mezani. (Ukienda Uswisi ya Kifaransa ukaagiza ramequin, usishangae kuletewa pai ndogo ya jibini. Huko jina ni la chakula.)

Siku hizi vile viwili vidogo ni vya mayai, vile vitatu vya sufle. Kile cha 220 nilikitumbukiza kwenye maji baridi kikiwa bado cha moto, kikapasuka. Sikukilia sana.