δ15N ikipanda kwenye mashapo, je, ina maana oksijeni ilishuka?

Swali: Mtaalamu, naomba ufafanuzi. Tasnifu yangu inahusu mabadiliko ya oksijeni baharini. Nina nguzo ya mashapo ya mita 4 iliyochimbuliwa kwa bomba la uzito, na δ15N (uwiano wa nitrojeni nzito, 15N, kwa nyepesi, 14N, ukitajwa kwa sehemu za elfu, ‰) ya mashapo mazima inapanda kutoka 5‰ chini hadi 8‰ juu. Nimesoma pia kwamba bahari imepoteza takribani asilimia 2 ya oksijeni yake tangu miaka ya 1960. Je, naweza kuandika kuwa namba zangu zinaonyesha upotevu huo?

Jibu: Bado. δ15N haipimi oksijeni. Inaonyesha nitrati ilivyotumika na ilivyopotea, na oksijeni ni sababu mojawapo tu.

Oksijeni ikikaribia kwisha kabisa majini, bakteria hupumua kwa nitrati na kuigeuza gesi ya nitrojeni. Wengine, wa anamoksi, huunganisha amonio na nitriti wakatoa gesi hiyohiyo. Bakteria wanaopumua kwa nitrati huitangulia ile yenye 14N, iliyo nyepesi, kwa tofauti ya 20 hadi 30‰, kwa hiyo nitrati inayobaki inazidi kuwa nzito, na planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) wanaoitumia hubeba uzito huo hadi mashaponi. Ndani ya maji ya bahari kuu, hili hutokea hasa katika maeneo matatu: Bahari ya Arabu, Pasifiki mbele ya Mexico, na Pasifiki mbele ya Peru na Chile.

Tuone kwa hesabu. Chukua maji yenye nitrati 25 na fosfati 2.5, zote kwa maikromoli kwa kilo. N*, kipimo cha nitrati iliyopungua au kuzidi ikilinganishwa na fosfati, ni nitrati, toa fosfati mara 16, jumlisha 2.9, hapa unapata −12.1. Fosfati hiyo ingeendana na nitrati 37.1, maana yake karibu theluthi imepotea na asilimia 67.4 imebaki. Ukianza na 5‰, ambayo ndiyo wastani wa nitrati ya kilindini, na tofauti ya 25‰, iliyobaki itakuwa 5 − 25 × ln(0.674), yaani karibu 15‰. Hapo tumechukulia kuwa maji hayo hayachanganyiki na mengine. Yakichanganyika, thamani inakuwa ndogo zaidi.

Sasa rudi kwenye ongezeko lako la 3‰. Linaweza kuletwa na mambo mengine, na la kwanza huwaponyoka wengi. Mabaki ya viumbe yakikaa muda mrefu kwenye sakafu yenye oksijeni ya kutosha, huoza zaidi na δ15N yake hupanda, kwenye vilindi vyenye utuaji wa polepole hata kwa 2 hadi 5‰. Yaani oksijeni ikiongezeka sakafuni, mstari wako unaweza kupanda vilevile, na hitimisho lako likawa kinyume cha ukweli. Pili, maji yenye rutuba yakipungua kupanda juu, planktoni humaliza nitrati yote iliyopo badala ya kuchagua nyepesi, na mashapo huwa mazito bila oksijeni kubadilika popote. Tatu, nitrojeni ya nchi kavu: pima uwiano wa kaboni na nitrojeni. Planktoni huwa karibu 6.6, mimea ya nchi kavu huvuka 20.

Kumbuka pia kwamba nitrati inayopotelea ndani ya mashapo haiachi alama kubwa, kwa kuwa inayopenya humo huliwa karibu yote. Upotevu huo, japo ni mkubwa duniani, δ15N haiuoni vizuri.

Maabara, gawa kila sampuli mara mbili. Fungu la kaboni lioshwe kwa asidi kuondoa chokaa. La nitrojeni lisiguswe na asidi, kwani huosha sehemu ya nitrojeni na kupotosha δ15N. Kisha pima δ15N iliyofungwa ndani ya maganda ya foraminifera (viumbe vidogo vya baharini vyenye ganda la chokaa) katika tabaka chache. Ni kazi ya kuchosha, maana unaokota maganda chini ya hadubini hadi upate miligramu kadhaa, lakini ganda huilinda nitrojeni isioze. Ikipanda nayo, hoja ya uozaji imeondoka. Ongeza urani na molibdeni: urani hujikusanya kwenye mashapo yenye oksijeni haba, ila molibdeni husubiri mpaka salfidi iwepo. Matabaka membamba yasiyovurugwa na minyoo nayo ni ushahidi mzuri.

Hiyo asilimia 2 iache kando kwanza. Inatokana na vipimo vya majini vya miaka ya 1960 hadi 2010, na joto kupunguza uwezo wa maji kushika oksijeni kunaeleza takribani asilimia 15 tu ya upotevu huo. Mengi yanatokana na maji ya juu kutochanganyika na ya chini, na uhai kubadilika. Tena rekodi za mashapo zenyewe haziendi upande mmoja. Mashapo ya mbele ya Kusini mwa California na Baja California yanaonyesha upotevu wa nitrati ukipungua kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, pepo za biashara zilipodhoofika, hadi karibu 1990. Katika Bahari ya Arabu, δ15N ilikuwa chini enzi ya barafu na kupanda ilipokwisha.

Isitoshe, bomba la uzito mara nyingi husukuma pembeni au kupoteza sentimita za juu kabisa, na humo ndimo ilimo miaka 60 unayoitafuta. Pima risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi inayotumika kukadiria umri wa tabaka, yenye nusu-uhai ya miaka 22.3, kwenye sentimita 20 za juu. Ziada yake isipoonekana, juu ya nguzo yako ni pa zamani zaidi ya karne moja, na utahitaji sampuli fupi ya kifaa chenye mabomba mengi (multicorer) iliyochukua uso wa sakafu bila kuuvuruga.