Kwa Anayeanza Kuandika Riwaya ya Mapenzi Yanayogeuka Kifungo

Mswada wangu wa kwanza niliuweka Mtae, kwenye ukingo wa Milima ya Usambara wilayani Lushoto, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na chini yake inaonekana nyika ya Mkomazi hadi macho yachoke. Niliamini kwamba ukungu, baridi ya Julai na lile genge vingetosha kumtia msomaji hofu. Mhariri aliyeusoma aliurudisha akiwa amepigia mstari vitenzi tu, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa alichotaka nikione: katika sura tatu za mwanzo, mwanamke anayependwa hakuwa ametenda jambo hata moja.

Kiswahili humbana mtendwa ndani ya kitenzi. Msimulizi wa nafsi ya kwanza anaposema "nilimfuata, nilimngojea, nilimchunguza," mpendwa wake amebaki kiambishi kimoja, kimefinywa kati ya wakati na mzizi wa kitendo cha mwenziwe. Kwa riwaya ya namna hii, hicho ni chombo chenye nguvu kuliko ukungu wowote. Litaje jina la mwanamke mara nyingi mwanzoni, kisha lipunguze kadiri mapenzi yanavyokolea, mpaka abaki "-m-" peke yake. Msomaji ataanza kukosa pumzi kabla hujamwambia kwamba mwanamume huyu amepagawa. Hata hivyo, kitabu kikienda hivyo hadi mwisho, mwandishi naye atakuwa amejiunga na mng'ang'anizi. Lazima zije kurasa ambamo mwanamke ndiye mtenda: aliuza, alikataa, alidanganya, alipanga. Hadi leo mimi huvihesabu vitenzi hivyo kwa kalamu kabla ya kumwonyesha mtu mswada.

Kuhusu kijiji, usidhani kwamba umbali wake unatisha kwa sababu hakuna watu. Unatisha kwa sababu kila mtu yupo, na kila mtu anaona. Mwanamume wako hahitaji kujificha nyuma ya mgomba; mpe duka pekee linalochaji simu na kutoa huduma ya kutuma pesa, naye atajua nani anampigia mwanamke, nani anamtumia pesa na amebakiwa na kiasi gani. Konda wa basi la alfajiri awe binamu yake. Akipeleka posa ikakataliwa, washenga warudi mara ya pili na ya tatu, na wazee wamsifu kwamba ni kijana mwenye nia. Hofu ya kweli imelala hapo, pale kijiji kizima kinapomsaidia kwa moyo mweupe.

Ninakuomba pia uachane na limbwata na waganga kama chanzo cha wazimu wake. Ukishaitwika dawa mzigo huo, mhusika wako hana tena uamuzi anaoweza kuuwajibikia.

Umri wa mwanamke nao usiuchukulie kama pambo. Miswada mingi ninayoletewa humfanya msichana wa miaka 16, ati kwa kuwa ni kijijini. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Mhusika wa miaka 16 anakupa kisa cha mtoto anayewindwa, na kukipamba kwa lugha ya mahaba ni kumsaliti. Mfanye mtu mzima, ili kukataa kwake kuwe na uzito.

Mswada wangu ulisimama imara nilipoiandika upya asubuhi ambayo mwanamke anatoroka kwa basi, safari hii kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa ameshaziuza plamu zake sokoni kwa siku tatu mfululizo, amelificha begi kwa mama mmoja wa kitongoji cha chini, na akashuka kwa miguu gizani ili asipandie kituo ambacho konda alimfahamu.