Maikrowevu si jiko tu: jibu la fundi wa minara

Mkuu, umeuliza kama maikrowevu ina kazi nyingine zaidi ya kupasha chakula, na kama habari za kurusha umeme kutoka angani ni kweli au porojo. Mimi ni fundi wa linki za minara, yaani njia za mawasiliano kutoka mnara mmoja hadi mwingine, kwa hiyo nitaanzia ninapopajua.

Maikrowevu ni mawimbi mafupi ya redio, na yale madishi ya mviringo yaliyofungwa kwenye minara ya simu, mengine kama ngoma, huyarusha na kuyapokea. Mnara unazungumza na mnara mwenzake, na sharti waonane: ghorofa jipya likichomoza katikati, linki imekufa. Kulenga dishi kunataka subira. Unalegeza nati, unasogeza kidogo, unasoma mita, unasogeza tena. Dishi hurusha mwali mkuu wa mawimbi, na mingine dhaifu pembeni; fundi mwenye haraka hukamata wa pembeni akadhani ni mkuu. Linki inawaka, lakini dhaifu, na mvua ya kwanza inaizima. Mvua ndiyo adui wetu mkubwa. Kuanzia gigahezi 10 hivi (gigahezi ni mitetemo bilioni moja kwa sekunde) kupanda juu, matone hunyonya na kutawanya mawimbi, ndiyo maana linki za umbali mrefu tunaziweka gigahezi 6 au 7, na zile za juu tunaziachia umbali mfupi.

Wi-Fi, Bluetooth, GPS na rada ni ukoo huohuo. Jiko linafanya kazi gigahezi 2.45, na Wi-Fi nyingi ziko 2.4, jirani kabisa. Video ikikwama kila mtu anapopasha chakula, hamia bendi ya gigahezi 5 kabla hujamlaumu mtoa huduma.

Kuhusu usalama, angalia nguvu, usiangalie jina. Jiko lina wati 800 au 1,000 zilizofungiwa ndani ya bati. Ruta yako ina kama sehemu ya kumi ya wati moja. Mawimbi haya yanapasha joto tu, hayafanyi chakula kiwe na mionzi. Ninachokiogopa mimi ni mtu kufungua jiko kulitengeneza mwenyewe: kapasita yake, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, inaweza kubaki na chaji ya volti elfu kadhaa hata baada ya kuchomoa waya. Hiyo inaua.

Sasa umeme. Si porojo. Mwaka 1964 Mmarekani William Brown alirusha helikopta ndogo iliyopata umeme wake kwa maikrowevu kutoka ardhini, na mwaka 1975 huko Goldstone, California, zilipokelewa zaidi ya kilowati 30 kwa umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Mwaka 2023 watu wa Caltech, chuo kikuu cha California, walijaribu urushaji huo wakiwa na chombo angani. Tatizo ni kwamba mwali hutanuka kadiri unavyosafiri. Mpango wa Marekani wa miaka ya 1970, wa kushusha gigawati 5 kutoka setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, ulihitaji antena ya kilomita 1 kule juu na uwanja wa kupokelea wa kilomita 10 hapa chini. Wanaosema ndege watabanikwa wakipita hapo wapunguze: katikati ya mwali ilikusudiwa wati 230 hivi kwa mita ya mraba, kama robo ya jua la mchana.

Kwa hiyo fizikia haina ubishi, mkuu. Kinachokwamisha ni gharama ya kupandisha antena ya kilomita nzima na kuiunganisha hukohuko juu, na hapo sioni wa kuilipia karibuni. Dau langu naliweka hospitali, ambako madaktari tayari wanaingiza antena nyembamba kwenye ini na kuuchoma uvimbe kwa maikrowevu bila upasuaji mkubwa.