Maswali ya Wasomaji: Njia ya Maji ya Tabo Baada ya Kubadilisha Injini

SWALI: Nina Subaru Impreza iliyokuwa na injini ya EJ20 isiyo na tabo (feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa zaidi). Nimenunua injini ya EJ20 yenye tabo, iliyotumika Japani, na fundi wangu hapa Arusha ameifunga. Lile tangi dogo la maji linalokaa juu ya injini hiyo ameliondoa, kwa kuwa gari langu halikuwa nalo tangu mwanzo. Maji ya kuingia kwenye tabo ameyachukua kwenye mpira wa hita, na yanayotoka ameyashusha hadi kwenye mpira wa chini wa rejeta. Gari halichemshi njiani, lakini nikizima injini baada ya kupanda mlima nasikia maji yakibubujika, kisha chupa ya akiba inafurika. Fundi anasema maji husukumwa na pampu, kwa hiyo njia yoyote inafaa. Je, ni kweli, au gasketi ya silinda hedi imeungua?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo ya fundi wako yana ukweli kwa muda ambao injini inaunguruma. Pampu inapozunguka, maji yatapita hata katika njia isiyo nzuri, na oili nayo inaendelea kuondoa joto kwenye beringi za tabo. Maji yamewekwa pale hasa kwa ajili ya dakika zinazofuata baada ya kuzima. Moshi wa injini ya petroli yenye tabo unaweza kuzidi nyuzi 900 za Selsiasi, na chuma cha upande wa eksozi hubaki na joto hilo wakati oili na pampu vimekwisha kusimama. Joto huhamia katikati ya tabo, na ndiyo maana sehemu ya beringi hufikia kilele chake cha joto gari likiwa limeegeshwa. Oili iliyobaki humo huungua na kuwa masizi magumu, ambayo huziba vitundu vya oili kidogo kidogo hadi beringi zinakufa.

Watengenezaji walilitatua jambo hili bila pampu ya ziada. Maji yaliyomo ndani ya tabo huachwa yapate moto na hata yachemke. Mvuke, kwa wepesi wake, hupanda kwa bomba la kutokea, na maji yenye joto dogo huingia kutoka chini kuchukua nafasi yake. Kilo moja ya maji inapogeuka mvuke huchukua takriban kilojuli 2,257, ambazo ni zaidi ya mara tano ya zile zinazohitajika kuyapandisha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Kwa hiyo kuchemka ndani ya tabo si hitilafu, na hata Subaru iliyotoka kiwandani na tabo yake huweza kusikika ikibubujika kidogo baada ya safari ngumu. Hitilafu ni mvuke kukosa pa kwenda. Katika gari lako bomba la kutokea linateremka. Mvuke unanaswa juu, unayasukuma maji yarudi yalikotoka, shinikizo linapanda na chupa inafurika.

Kwenye EJ20 ya tabo, ambayo tabo yake imekaa nyuma upande wa kulia, maji hutoka chini ya silinda hedi ya kulia, hupanda hadi kwenye tabo, kisha huendelea kupanda hadi kwenye lile tangi lililokaa juu ya manifoldi ya hewa. Tangi hilo ndilo sehemu ya juu kabisa ya mfumo wa maji. Hupokea mvuke, huutenganisha na maji, na ndipo pia maji yanapojaziwa, kwa sababu injini hii, ambayo silinda zake zimelala, hushika hewa kwa urahisi. Kuliondoa ni kuondoa nusu ya mfumo wa kupoza tabo, na kwa maoni yangu hapana mpango mbadala unaostahili kujaribiwa wakati tangi lenyewe limekuja pamoja na injini. Lirudishwe mahali pake, maji ya kuingia yatoke chini ya hedi kama zamani, na mpira wa hita uachiwe hita.

Ikiwa nafasi itamlazimu fundi kulifunga tangi kwenye bodi badala ya injini, aache mpira wenye ulegevu wa kutosha, maana injini hutikisika juu ya maunti zake (raba zinazoishikilia) na mpira uliovutwa utachomoka. Tangi libaki juu kuliko tabo, na mpira upande mfululizo bila kushuka na kupanda tena, kwa sababu kila kilima katika mpira ni mfuko wa mvuke. Kwa tabo isiyo ya kiwandani, kampuni ya tabo ya Garrett hushauri sehemu ya katikati izungushwe kwa takriban nyuzi 20 za pembe ili tundu la kutokea maji liwe juu ya lile la kuingilia.

Karibu na eksozi tumia bomba la chuma, na mpira uanzie mbali na joto. Mpira uwe wa maji ya injini, si wa mafuta. Washa za shaba kwenye boliti za banjo (boliti zenye tundu ndani la kupitisha maji) ziwe mpya, wala silikoni isipakwe hapo, kwani ikimegeka huziba tundu dogo la boliti. Mpira unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye tangi hupita mahali pagumu kufikiwa chini ya manifoldi. Ubadilishwe injini ingali chini, kwa kuwa katika injini ya mtumba huwa umekauka.

Kuhusu vifuniko, cha tangi na cha rejeta havifanani. Cha tangi hufunguka kwa shinikizo dogo zaidi, kwa hiyo visibadilishane. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapo kwa nyuzi 95 hivi. Kifuniko kilicholegea, kisichoshika shinikizo linalozuia maji kuchemka mapema, kitakusumbua mapema kuliko kingemsumbua mtu wa Tanga aliye pwani.

Gasketi ipimwe kabla ya kulaumiwa. Ikiwa imeungua, mapovu huonekana injini ikiwa inaunguruma, mara nyingi hata ingali baridi, na kile kipimo cha maji ya buluu kinachogeuka njano kitakamata gesi ya moshi. Bubujiko linaloanza baada tu ya kuzima linaelekeza kwanza kwenye njia ya maji.

SWALI: Nimeuziwa tabo ya injini ya dizeli isiyo na matundu ya maji kabisa. Je, nitoboe?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usitoboe. Moshi wa dizeli kwa kawaida una joto dogo kuliko wa petroli, na tabo nyingi za dizeli zimeundwa zipozwe kwa oili peke yake. Hakikisha bomba la kurudisha oili linateremka moja kwa moja bila kujikunja, na baada ya kubeba mzigo iache injini katika sailensa (ikiunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta) dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Ingekuwa na matundu ya maji yaliyozibwa, ningekushauri uyaunganishe.