Shangazi, jina langu halikusomwa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 47, ni mke na mama, tunaishi Kilimanjaro. Kwa miaka 14 nimefua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahuni vya usharika wetu pamoja na kanzu za mchungaji. Hakuna aliyenituma. Mama aliyekuwa akiifanya kazi hiyo alifariki, nami nikaichukua. Juzi usharika ulitimiza miaka 50, baba askofu akaja, wakasomwa watu waliotumika, kila mmoja akapewa cheti na doti ya khanga. Nilikuwa nimeshaweka mkoba chini ili nikiitwa nisihangaike. Sikuitwa. Akaitwa dada aliyenunua maua ya siku ile. Tangu hapo sijakanyaga kanisani, na vitambaa vyeupe bado viko kwangu. Mume wangu ananiambia asante ya punda ni mateke. Kinachoniumiza zaidi ni hili: je, miaka yote hiyo nilimtumikia Mungu, au nilikuwa nasubiri cheti?*

*Mwenye Pasi*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hivyo vitambaa vyeupe. Barua yako imenifikia tukiwa katikati ya Kwaresima. Madhabahuni sasa hivi ni zambarau, kwa hiyo hakuna atakayeviulizia. Asubuhi ya Pasaka ndipo watakapovitafuta, wapekue makabati yote, na mtu mmoja aseme, "Jamani, mama yule yuko wapi?" Nadhani hesabu hiyo umeshaipiga. Mimi ningeipiga. Ndiyo maana nakuomba uvirudishe wiki hii, Alhamisi au Ijumaa, wakati hakuna watu, uviweke mahali pake na kufunga mlango. Mengine tutayazungumza vikiwa vimeshatoka nyumbani kwako.

Kuumia hakukufanyi mnafiki. Umeumia kwa sababu una moyo, na kwa sababu ulichofanya kilikuwa kazi kweli. Najua maana ya nta ya mshumaa iliyoganda kwenye kitambaa: unaikwangua taratibu, unaweka karatasi juu, unapitisha pasi ya vuguvugu mpaka karatasi inywe mafuta. Najua divai ikimwagika lazima uiwahi kwa maji baridi. Anayeketi benchi la nyuma huona kitambaa kimenyooka, basi. Kazi yako ikienda vizuri haionekani. Maua yanaonekana. Sisemi hivyo kumsengenya yule dada, naye alitoa alichokuwa nacho.

Sasa swali lako lenyewe. Katika Mathayo 6 Yesu anasema tusifanye wema ili tutazamwe na watu. Mahubiri mengi niliyosikia huishia hapo, na wasikilizaji tukatoka tukidhani kutaka kuonekana ndiyo dhambi. Endelea kusoma. Anasema Baba aonaye sirini atakujazi. Kwa hiyo kuna anayeona, na kuna malipo. Hakukuambia uwe jiwe lisilotamani macho ya mtu yeyote, amekuuliza unatamani macho ya nani. Ndugu zetu Waislamu hili wamelipa jina, ria, ibada ya kuonyesha watu, na wanaiogopa sana kwa sababu huingia kimyakimya.

Kwako iliingia lini? Sidhani ni miaka 14 iliyopita. Mwanamke anayeokota kazi ya marehemu bila kuambiwa hasubiri cheti. Nadhani iliingia siku ile ile, ulipouweka mkoba chini. Usiifute miaka yote kwa sababu ya dakika kumi. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wewe ulitenda, na kwa miaka mingi ulikwenda zako. Safari hii ukageuka kidogo mlangoni, kutazama kama kuna anayekuja nyuma yako.

Nikuambie yangu, usije ukadhani nakuhubiria nikiwa juu. Mwaka mmoja nilitoa mchango wa mabati ya nyumba ya mwinjilisti. Jumapili ya kusoma taarifa, katibu akasoma mchango wangu kwa jina la mtu mwingine. Nilikasirika ibada nzima. Mpaka leo sikumbuki neno lililohubiriwa siku ile, ila nakumbuka idadi ya yale mabati.

Mumeo msikilize nusu. Anakupenda, amekuona ukipuliza mkaa usiku umeme ukikatika, na hasira yake ni ya upande wako. Lakini mateke ni ya punda. Hapa aliyekupa kazi hakukupiga teke, ni wanadamu wenye orodha ndio waliokuruka. Na hapo nina neno na wachungaji na wazee wa kanisa wanaosoma ukurasa huu: msijifiche nyuma ya Mathayo 6. Kutotafuta shukrani ni kazi ya anayetumika. Kushukuru ni kazi yenu. Paulo hakuona aibu kushukuru. Soma Warumi 16, majina zaidi ya 20, Priska na Akila, Fibi mhudumu wa Kenkrea, Mariamu aliyejitaabisha sana kwa ajili yao. Kabla ya kuchapisha vyeti, mngeulizana kwanza nani anafua.

Ila katika sura hiyo hiyo, mwanangu, kuna mtu ambaye nimekuwa nikimfikiria tangu niliposoma barua yako. Mstari wa 13. Paulo anamsalimu Rufo, kisha anaongeza: na mama yake, ambaye ni mama yangu pia. Jina hakulitaja. Mwanamke aliyekuwa mama kwa Paulo, labda alimpikia, labda alimuuguza, hatujui, yumo kwenye orodha hii maarufu bila jina. Sidhani Paulo alimdharau. Watu wa karibu hivyo mtu husahau hata kwamba wana jina, anawaita mama tu. Huenda na pale usharikani wamekuzoea hivyo. Haiondoi kosa lao, lakini ni tofauti na kudharauliwa.

Rudi kanisani Jumapili hii. Keti unapoketi siku zote, na ukiulizwa ulikuwa wapi, sema ulikuwa umeumia, sasa unapona. Usimpelekee mchungaji habari ya cheti. Mpelekee hii: miaka 14 ni mingi, mikono imechoka, unaomba msichana mmoja au wawili wa kipaimara uwafundishe. Usikae kimya unachemka ndani ukauita huo unyenyekevu. Kuomba msaidizi si kuomba sifa. Kama hata baada ya hapo moyo unakataa, pumzika msimu mmoja, ila uage, ukabidhi na ufunguo.

Sabuni ya kipande wataijua wenyewe. Wafundishe wanga, usiwe mzito ukaacha madoa ya njano, na namna ya kukunja pembe zisiuvunje msalaba uliotariziwa. Halafu niandikie ni nani kati yao ana mkono.

Shangazi